Banksia Inapogoma: Kutambua Kinachoisumbua Banksia ericifolia na la Kufanya

Kama una Banksia ericifolia bustanini, kile kichaka cha Australia chenye maua yanayosimama kama mishumaa, na imeanza kuonyesha dalili mbaya, naomba jambo moja kabla hujaendelea kusoma: weka chini mfuko wa mbolea. Nafanya kazi za bustani Sydney, na kati ya vichaka vya aina hii nilivyoitwa kuviokoa, sikumbuki hata kimoja kilichokuwa kinakufa kwa njaa. Vingi vilikuwa vinakufa kwa kulishwa. Mwenye bustani aliona dalili, akaingiwa na huruma, akaongeza kitu. Kwa hiyo kila dalili nitakayoieleza hapa, swali la kwanza ni lilelile: miezi sita iliyopita umeiongezea nini, au umeikata, umeichimbia au umeimwagia nini?

Ukijua mmea huu unatoka wapi, nusu ya majibu utakuwa nayo. Ni mwenyeji wa New South Wales, Australia. Unaota kwenye nyika za vichaka za mwambao wa bahari na kwenye miinuko ya mawe ya mchanga iliyo nyuma yake. Joseph Banks na Daniel Solander, wataalamu wa mimea waliosafiri na Kapteni Cook, waliuchuma Botany Bay, ghuba ya Sydney, mwaka 1770. Mwaka 1782 Linnaeus mdogo, mtoto wa yule mtaalamu maarufu wa mimea wa Uswidi, akauandika rasmi, akaipa jenasi, yaani ukoo wake, jina la Banks, na neno ericifolia likiwa na maana ya "wenye majani kama ya erika", kichaka chenye majani madogo membamba. Nenda Royal National Park, hifadhi ya taifa iliyo kusini mwa Sydney, upande wa baharini ukauone nyumbani kwake. Kwenye vilima vinavyopigwa na upepo wa chumvi umejikunyata, hauzidi kimo cha mtoto. Ukishuka mahali palipokingwa, ndugu yake huyohuyo ana mita nne, tano, hata sita. Chini yao kuna mchanga mweupe ambao wewe na mimi hatungethubutu kuupandia mahindi. Hauna rutuba, unachuja maji upesi na una asidi kidogo. Ndiyo hali inayoufaa.

Majani machanga ya manjano, ya zamani bado ya kijani

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Ishike ncha ya tawi uitazame kwa karibu. Majani ya Banksia ericifolia ni membamba kama sindano, hayazidi sana milimita moja kwa upana, urefu wake sentimita moja hadi mbili, na kila jani linaishia na vijino viwili vidogo. Kichaka kikiwa kizima, majani ya nchani yana kijani laini, na yale ya nyuma yana kijani kilichokolea. Kikiwa na tatizo hili, majani ya nchani yanakuwa ya manjano yaliyopauka, mengine yanakaribia weupe, huku ya nyuma yakibaki ya kijani. Baada ya muda vile vijino vinaanza kuungua, hudhurungi inashuka kutoka nchani, na majani ya zamani nayo yanaanza kukauka kingo.

Manjano inayoanzia kwa majani machanga ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Lakini usikimbilie kusema udongo hauna chuma. Mara nyingi chuma kipo, ila mmea unashindwa kukitumia, na sababu kubwa ni fosforasi iliyozidi.

Hapa inabidi nieleze mizizi, maana bila hiyo mtu haamini. Banksia haina mizizi kama ya mchungwa. Chini kidogo ya majani yaliyooza, kwenye sentimita chache za juu za udongo, inaotesha vishungi vya vimizizi vilivyosongamana kama nywele za brashi. Vishungi hivyo vinatoa asidi zinazoyeyusha fosforasi iliyong'ang'ania kwenye chembe za mchanga, na mmea unaifyonza mara moja. Ni ufundi wa kuishi mahali pasipo na kitu. Tatizo ni kwamba mmea ulioumbwa kukamua tone la mwisho haujui kufunga mlango neema inapomwagwa. Unaendelea kufyonza mpaka fosforasi inakuwa sumu ndani ya majani, na chuma kinazuiwa kufanya kazi yake. Mwaka 1991 mtafiti wa Australia K. A. Handreck alichapisha uchunguzi wa uhusiano huo wa chuma na fosforasi akitumia spishi hii hii, ikiwa kwenye udongo wa vyungu. Wanaootesha mimea asilia hapa wanalijua jambo hili vizuri. Wanaolipata kwa uchungu ni sisi wengine tuliokuja na maarifa ya shamba.

Mama mmoja, mtu wa kwetu, aliniita kipupwe kimoja. Nilimwamkia, akaitikia, akanipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Banksia yake ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na ncha zote zilikuwa za manjano kama nyasi za kiangazi.

"Mwanangu, sielewi," akasema. "Huu mti nimeupenda kuliko yote. Kila mwezi nauwekea samadi ya kuku, ile iliyooza vizuri."

Nilipiga magoti nikafukua matandazo kwa vidole. Samadi ilikuwa imelala pale unene wa vidole viwili, na chini yake vile vishungi vya mizizi, ambavyo vikiwa hai huwa vyeupe au rangi ya maziwa, vilikuwa vyeusi na vinakatika ukivigusa. Nilimwonyesha. Alikaa kimya, kisha akauliza kama umekufa. Nikamwambia bado.

Samadi ya kuku ni miongoni mwa samadi zenye fosforasi nyingi. Unga wa mifupa umezidi. Majivu yana fosforasi na tena yanapunguza asidi ya udongo, kwa hiyo yanauma kwa meno mawili. Na wale tuliozoea kutia DAP kwenye shimo la kupandia, tafadhali, kwa banksia usijaribu hata kijiko.

Soma mfuko kwa makini pia, kwa sababu kuna mtego. DAP imeandikwa 18-46-0, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na ile 46 ni ya oksidi ya fosforasi. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Mifuko ya Australia kwa kawaida inaandika fosforasi yenyewe, siyo oksidi. Mtu aliyezoea namba za kwetu anaona mfuko umeandikwa 5 upande wa fosforasi, anasema hii ni kidogo mno, haitadhuru. Hiyo 5 ni sawa na zaidi ya 11 kwa hesabu aliyoizoea. Kwa banksia tafuta mbolea iliyotengenezwa kwa mimea asilia, yenye fosforasi chini ya 2, na hata hiyo uitie mara moja kwa mwaka kama kuna haja. Iliyopandwa ardhini ikishashika, mara nyingi haina haja.

Sababu ya pili ya manjano hiyohiyo ni udongo usio na asidi ya kutosha. Angalia kama kuna ukuta mpya wa saruji karibu, njia iliyomwagwa zege, au chokaa iliyowekwa kwa ajili ya nyasi. Vifaa vya kupima asidi ya udongo ni rahisi na vinatumika nyumbani. Ikiwa kipimo kiko juu ya 7, umepata mshukiwa. Sababu ya tatu, ndogo zaidi, ni mizizi iliyokaa kwenye baridi na maji. Manjano hiyo hutokea katikati ya kipupwe na hupungua yenyewe joto likirudi na udongo ukikauka kidogo.

Tiba kwa hali zote tatu inaanza na kuacha. Ondoa samadi yote uliyoiweka juu, kwa mkono, bila jembe na bila reki, kwa sababu vishungi viko hapohapo juu. Kama tatizo ni fosforasi na udongo ni wa kichanga, mwagilia maji mengi kwa utaratibu siku moja, acha siku kadhaa, rudia, ili sehemu ya fosforasi ishuke. Kwenye mfinyanzi njia hiyo haisaidii kitu, na maji yatakuletea balaa nitakayoieleza chini. Kisha tumia chuma cha aina ya kileti, kile kinachoyeyuka na kufyonzwa haraka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usizidishe kwa matumaini. Halafu subiri na uangalie machipukizi mapya. Yakitoka ya kijani, umeshinda. Majani yaliyokwisha kuungua hayaponi, na hakuna sababu ya kuyahuzunikia.

Banksia ya yule mama ilichukua karibu mwaka mzima. Matawi mawili ya upande wa samadi yalikufa. Mengine yalirudi.

Iliyo kwenye chungu ina hatari zaidi, kwani mizizi haina pa kukimbilia. Ihamishie kwenye udongo wa vyungu ulioandikwa kuwa ni wa mimea asilia, na uihamishe na bonge lake la mizizi bila kulivunja.

Majani ya ndani yanakuwa ya manjano na kupukutika

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na karibu kila mara siyo ugonjwa. Majani ya zamani yaliyo ndani ya kichaka, yasiyopata jua, yanazeeka na kuanguka. Yaache yalale palepale chini, ndiyo matandazo bora kuliko yote. Wasiwasi uanze tu kama manjano inapanda kutoka ndani kwenda nje kwa kasi, wiki kwa wiki. Hapo soma sehemu inayofuata.

Ilikuwa nzima, ghafla imekauka yote

Mchicha ukikosa maji unalegea mchana huohuo, unakuambia. Banksia haisemi. Majani yake ni magumu, hayanyauki, yanabaki yamesimama wima hata mizizi ikiwa imekufa wiki kadhaa zilizopita. Unaloliona kama kifo cha ghafla ni habari ya zamani. Kinachotangulia ni dalili ndogo ambayo wengi hawaioni: rangi ya kijani inapoteza mng'ao na kuwa kama ya kijivu, na ncha zinaacha kuchipua. Ukiiona hiyo, chunguza siku hiyohiyo.

Anza na shina. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha au kisu, upande mmoja tu, karibu na ardhi. Chini yake kukiwa na kijani na unyevu, kuna uhai. Kukiwa na hudhurungi kavu, panda juu kidogo ukwaruze tena mpaka ujue uhai umeishia wapi. Kisha chimba kwa kidole pembeni mwa shina.

Udongo ni mkavu kabisa, na mmea haujafikisha miaka miwili tangu upandwe? Ni kiu. Watu wanaambiwa mmea asilia hauhitaji maji, wanaamini tangu siku ya kwanza. Unaostahimili ukame ni ule ulioshika. Mche mpya unataka maji ya kushuka chini, mara moja au mbili kwa wiki siku za joto, kwa majira mawili ya joto ya mwanzo. Kuna ujanja mmoja wa kukagua. Bonge la udongo lililotoka kwenye chungu cha kitalu linaweza kuwa kavu kama mkate wa juzi wakati udongo wote unaolizunguka una unyevu. Kidole kiingie ndani ya bonge lenyewe, siyo pembeni.

Udongo umelowa, unanuka vibaya, mizizi ni laini na ngozi yake inavuka ukiivuta? Ni maji yaliyotuama, na pengine pamoja nayo Phytophthora cinnamomi. Hiki ni kiumbe kinachofanana na kuvu kinachoishi kwenye udongo na kusafiri kwa maji, na kinaozesha mizizi. Serikali ya New South Wales imeorodhesha maambukizi yake kwa mimea asilia kuwa tishio kubwa kwa uhai wa viumbe wa porini. Banksia za mashariki ya Australia, na hii ikiwemo, kwa jumla zinastahimili kuliko zile za Australia Magharibi, ambazo zinakufa kwa wingi wa kuhuzunisha. Kustahimili lakini si kinga. Kwenye mfinyanzi uliolowa, wakati wa joto, inakufa.

Kuna nusu spishi yake moja, macrantha, inayoota kaskazini mwa pwani ya New South Wales hata kwenye sehemu za majimaji. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu kwamba banksia hii inakaa kwenye kinamasi, hakudanganyi. Lakini kinamasi cha mchanga wa pwani siyo shimo ulilolichimba kwenye mfinyanzi nyuma ya nyumba, likajaa maji kama ndoo.

Mgonjwa wa mizizi akishakauka zaidi ya nusu haokoki, na ni afadhali nikwambie hivyo kuliko kukupotezea pesa. Akiwa bado mwanzoni, kuna dawa ya fosifonati inayonyunyizwa kwenye majani, inayosaidia mmea kujikinga. Jina linafanana na fosfati lakini si mbolea ile, na mmea hauitumii kama chakula. Fuata kipimo cha pakiti. Sambamba na hapo fungua njia ya maji: chimba mfereji mdogo upande wa chini ya mteremko, mbali na mizizi, na uzime umwagiliaji wa matone. Viatu na koleo vilivyogusa udongo ule vipigwe brashi mpaka tope lote litoke, kisha vinyunyiziwe spiriti, kabla hujaenda kwenye kitanda kingine cha bustani na hasa kabla hujaenda kutembea porini. Ugonjwa huu unabebwa kwenye soli za viatu vyetu.

Na kama udongo si mkavu wala haujalowa? Uliza nani alichimba hapo. Nimeona banksia ya miaka minane ikifa kwa sababu mtu alipanda maua ya msimu kuizunguka, akalima vizuri kwa uma wa bustani, akakata kila kishungi cha mizizi kilichokuwapo. Alikuwa amefanya kazi nzuri sana, kwa macho. Palilia kwa mkono, weka matandazo ya magome, acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, na hapo chini pasiguswe tena.

Haitoi maua

Uliinunua kwa ajili ya ile mishumaa ya rangi ya chungwa na shaba, inayofika sentimita 20 kwa urefu, na miaka inapita unaona majani tu. Kuna sababu nne, na nazipanga kwa jinsi ninavyozikuta.

Makasi ndiyo ya kwanza. Mishumaa ya spishi hii haitoki nchani mwa matawi mapya kama waridi. Inachomoza kwenye vifundo vya matawi ya miaka miwili, mitatu, mara nyingi ndani ndani, mpaka inabidi uyafungue majani uione. Anayeikata kuwa ua la mraba kila baada ya miezi michache anakata matawi kabla hayajafikia umri wa kuzaa.

Umri ndiyo ya pili. Iliyooteshwa kwa mbegu inachukua miaka kadhaa kabla ya mshumaa wa kwanza. Iliyotokana na kipandikizi cha tawi inawahi, wakati mwingine ndani ya miaka miwili. Kitalu kikuambie ni ipi. Pia ujue ulichonunua. 'Giant Candles', chotara wa hii na Banksia spinulosa, ana mishumaa inayoweza kufika sentimita 40, na watu wengi wanapiga picha yake kisha wananung'unika kwamba yao ni midogo.

Kivuli ni sababu ya tatu: chini ya saa sita za jua kwa siku, majani yanakuwa marefu, matawi yanalegea, maua yanaadimika. Ya nne ni naitrojeni nyingi, hasa pale mbolea ya nyasi inapotupwa mpaka chini ya kichaka.

Usitafute maua Desemba. Msimu wake kwa kawaida unaanza Aprili hivi, unapita kipupwe chote na kugusa mwanzo wa joto. Ndege wanaokula nekta, wenye midomo iliyopinda kama chozi wetu, watakuambia kabla hujaona mwenyewe. Asubuhi ya Juni ukisikia kelele ndani ya kichaka kilichoonekana kitupu, fungua matawi utazame.

Nimeikata, haichipui

Pole. Hii haina dawa, na natamani kila anayeuza mmea huu angesema mapema. Baadhi ya banksia zina uvimbe wa mbao chini ya ardhi uliojaa macho ya kuchipua, hata moto ukipita zinarudi. Banksia ericifolia haina. Porini moto unaiua kabisa, na inarudi kwa mbegu tu. Kwa hiyo tawi lililokatwa chini ya majani ya mwisho ya kijani, pakabaki mti mtupu, halitoi kitu.

Kata kidogo na mapema. Kuanzia mwaka wa kwanza, punguza ncha baada ya msimu wa maua kuisha, siku zote ukibakiza majani ya kijani chini ya pale ulipokata. Kichaka kinajaza, miguu haibaki mitupu. Kile kilichokwisha kuwa na shina tupu la mita moja na nusu na majani juu kama mwavuli, kikubali hivyo. Pandia vichaka vifupi mbele yake, kwa mbali kidogo na mizizi.

Magunzi ya hudhurungi yamejaa kwenye matawi

Nimetumiwa picha nyingi za magunzi haya na watu waliodhani ni uvimbe wa ugonjwa. Ni maua ya zamani. Mshumaa ukikauka unabaki mtini kwa miaka, kwanza hudhurungi kisha kijivu, unafanana kabisa na gunzi la mahindi lililoachwa juani. Baadhi yana midomo migumu ya mbao iliyofungwa, na hayo ndiyo mapochi ya mbegu. Mengine hayana hata moja, na hilo ni la kawaida: mamia ya maua kwenye mshumaa mmoja, machache sana ndiyo yanayofunga mbegu.

Ukitaka usafi, kata yaliyo tupu. Yenye midomo nakushauri uyaache, na sababu utaiona mwishoni.

Utando, vumbi la mbao na magunzi yaliyoraruliwa

Utando uliochanganyika na vinyesi kama punje za unga wa mbao ni viwavi wa nondo. Ufungue kwa kijiti, mtoe kiwavi, basi. Tundu kwenye shina linalotoa vumbi ni funza wa ndani. Ingiza waya mwembamba mpaka umfikie, au kata tawi hilo kama ni dogo. Vipele vigumu vilivyoganda kwenye vijiti pamoja na masizi meusi juu ya majani ni wadudu magamba. Masizi ni ukungu unaokula utamu wao, ukiwamaliza wadudu kwa mafuta ya bustani masizi yanakwisha.

Magunzi yaliyopasuliwa na vipande kutapakaa chini ni kazi ya kasuku weusi wenye mkia wa manjano, wanaotafuta mbegu na funza waliomo ndani. Usiwafukuze. Wamekusaidia kuwatoa funza bila dawa, na kuwaona kwa karibu vile, wakubwa, wakipasua mbao kwa mdomo mmoja, ni jambo ambalo majirani zako wasio na banksia hawalipati.

Inayumba na kulala upepo ukipiga

Shika shina utikise. Likizunguka kama mti uliochomekwa, mizizi ilijiviringisha ndani ya chungu cha kitalu na haikutoka nje. Ikiwa na mwaka mmoja tu, unaweza kuifunga kwenye vigingi viwili kwa kitambaa laini, kilegee kidogo ili shina lifanye mazoezi, na kupunguza majani ya juu. Ikiwa na miaka minne, mizizi iliyojinyonga hainyooki tena. Safari ijayo, kabla ya kununua, itoe kwenye chungu uangalie chini. Mche mdogo wenye mizizi iliyonyooka unaupita mkubwa wenye mizizi ya mduara, ukiupa miaka miwili.

Imeshakufa

Usiikimbize kwenye taka. Kagua magunzi kwanza. Mmea huu hauangushi mbegu zake kila mwaka. Unazifungia kwenye ile midomo ya mbao kwa miaka, ukisubiri moto au kifo. Banksia iliyokufa bustanini mwako pengine bado imebeba watoto wake wote juu. Chukua magunzi ya mmea wako mwenyewe, kwani kwenye hifadhi za taifa hairuhusiwi kuchuma.

Yaweke kwenye mfuko wa karatasi mahali pa joto kwa wiki chache, mengine yatafunguka yenyewe. Yanayokataa yatie kwenye oveni, nyuzi 120 hadi 140 za Selsiasi, kwa muda wa saa moja hivi, ukiwa karibu. Utasikia midomo ikipasuka. Yakipoa, chomoa kwa kibanio. Ndani ya kila mdomo hukaa mbegu mbili nyeusi zenye bawa jembamba, zimetenganishwa na kipande cha mbao ambacho wengi wanakipanda wakidhani ni mbegu.

Zipande kwenye mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na udongo wa mimea asilia, kina cha milimita chache tu. Hazihitaji kulowekwa wala kukwaruzwa. Subiri wiki kadhaa, na usizigeuzegeuze kuzitafuta. Miche ikilala chini ghafla, shina likiwa limenyongeka pale linapotokea udongoni, ni kuvu ya vitaluni: punguza maji, ongeza hewa, tenga iliyo mizima. Kama mama yao aliuawa na ugonjwa wa mizizi, usitumie hata konzi moja ya udongo wa pale alipokuwa, na watoto wapelekwe upande mwingine wa bustani, ulioinuka.

Mche ukiwa na kimo cha kiganja, kabla mizizi haijaanza kuzunguka chungu, upeleke ardhini. Shimo liwe pana kuliko kina, na ndani yake urudishe udongo uleule uliotoka.